Wanyama wa Magome ya Mgomba

Mama alipokatazwa kufanya kazi, baba alivuka ghuba kwenda Ubwari kumchukua dada yake. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Tuliishi Baraka, karibu na ufuo, katika nyumba ya matofali mabichi iliyoezekwa kwa nyasi, yenye baraza pana iliyotazama ziwa. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshaolewa Nundu, na baada yangu mimi mama alikuwa amebeba mimba nyingine ambazo hazikufika mwisho. Watoto hao hatukuwazungumzia nyumbani. Safari hii mimba ilipoanza kuonekana, kiuno kilimuuma, akaenda kwa mkunga wa misheni. Mkunga alimpima, akamwambia maneno machache: asilime, asichote maji, asitwange, alale mpaka azae.

Mama yangu hakuwa mtu wa kulala. Alikuwa msusi wa mikeka na vikapu, na watu walitoka mbali kuja kuagiza kwake kwa sababu kazi yake ilinyooka. Mkeka wa mama ukiutandika, ndipo unagundua kwamba sakafu yako imepinda. Alipenda kitu chenye kazi: kikapu cha kubebea mihogo, ungo wa kupepetea, kamba ya kufungia mbuzi. Kitu kisicho na kazi hakikuvuka kizingiti chetu. Mtu wa namna hiyo ukimlaza kwenye mkeka barazani, mikono juu ya tumbo, hata majirani wanamwonea huruma. Siku za kwanza alikuwa akitazama paa tu. Nikimsalimu alijibu, kisha anarudi kwenye paa lake.

Shangazi alifika mchana, amekaa katikati ya mtumbwi wa baba kama mzigo wa thamani. Alikuwa mkubwa kuliko baba kwa umri na kwa mwili, mjane, mwenye sauti ya chini na mwendo wa polepole. Alileta furushi la nguo na kikapu kilichofunikwa jani la mgomba. Mimi nilifikiri kikapu kile kina samaki wakavu, au angalau ndizi. Alipomsalimu mama na kukaa, alikifunua, akatoa mnyama wa ukubwa wa kuku, aliyetengenezwa kwa magome makavu ya mgomba, amefungwa kwa nyuzi, macho yake mbegu nyekundu za mtipitipi. Akamweka kando ya kichwa cha mama.

Mama aligeuza shingo akamtazama kwa muda.

"Wifi, iko nini hii?"

"Kiboko."

"Na hii ku kichwa?"

"Kofia. Jua ya Ubwari iko kali."

Mama alinyoosha mkono, akambonyeza kiboko tumboni kama mtu anayepima ubora wa kikapu sokoni. "Sasa inafanya kazi gani?"

Shangazi alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Inavaa kofia," alisema.

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alimwambia shangazi aksanti, akaniambia nimpeleke mnyama ndani, asije akaliwa na mbuzi.

Shangazi alikuja kutupikia, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kupika alijua. Kukaa na chungu ndiko kulikomshinda. Akishakoka moto na kubandika sombe, yale majani ya mihogo yaliyotwangwa, alivuta karibu rundo lake la magome, matete na maganda ya mahindi, akaanza kukunja na kufunga. Mwanzoni macho yake yalikwenda kwenye chungu, kisha kwenye mikono, kisha yakabaki mikononi. Nilichuchumaa mbele yake nikitazama. Gome likitoka mgombani limekauka, lina rangi nyingi kuliko mtu anavyodhani: kuna la kahawia, kuna la rangi ya asali, kuna lenye madoa kama ngozi ya mjusi. Shangazi alililowanisha kidogo, akalichana kwa ukucha, akalizungusha, na mara shingo ya kuku ikatokea pale ambapo hapakuwa na kitu.

Mama, kutoka kwenye mkeka wake, alinusa.

"Wifi, sombe inaungua."

"Niko nasikia."

"Kama uko nasikia, ju ya nini hauondoe?"

"Mikono yangu iko na kazi. Nikiachilia hii mukia, yote itafunguka."

Mkia haukufunguka, lakini sombe iliungua. Jioni ile baba alikula bila kusema neno. Baba alikuwa mtu wa kusifu chakula, hata ugali mtupu aliupatia sifa yake. Kimya chake kilieleweka. Kesho yake ikaungua tena, safari hii maharage. Siku iliyofuata mama aliniamuru niwe ninakaa kando ya chungu mimi mwenyewe, nikoroge, na nisimtazame shangazi. Nilikoroga. Kutomtazama kulinishinda.

Ilikuwa wakati wa mvua. Asubuhi moja shangazi alikuwa ametengeneza kuku anayekwenda sokoni, na kikapu kidogo mgongoni, lakini mguu mmoja ulikuwa ukitoka kila mara. Aliufunga, ukatoka. Aliufunga tena, ukatoka tena. Mama alikuwa amelala ubavu, anatazama. Niliona vidole vyake vikisogea juu ya kikwembe alichojifunga, vinafunga kitu ambacho hakipo.

"Unapitisha kamba mubaya," alisema mwishoni.

"Njo namna mi nafungaka."

"Njo maana inatoka. Leta hapa."

Shangazi alimpa kuku. Mama alijiinua kidogo, mimi nikamwekea furushi la nguo mgongoni, akafungua mguu wote, akaufunga upya kwa fundo lake la vikapu, lile linalojificha chini usilione. Kisha akautazama mguu wa pili, ambao haukuwa na shida yoyote, akaufungua na huo. Kisha shingo. Jua lilipotoka baada ya mvua, kuku yule alikuwa imara kiasi cha kubeba dagaa halisi mgongoni. Mama alimrudisha, akajilaza tena. Baada ya muda akasema, akiwa amefumba macho, "Gome imebaki?"

Hivyo ndivyo alivyoanza. Alitengeneza mnyama wake wa kwanza kwa siku nzima, na mimi nikimletea maji ya kulowanishia, nyuzi, na mbegu za macho. Alifanya kama alivyofanya kila kitu: kila ukanda sawa na mwenzake, kila fundo limefichwa. Alipomaliza alimsimamisha mbele ya shangazi. Alisimama wima kabisa, miguu minne ya urefu mmoja.

Shangazi alimzungusha huku na huku. "Wifi, umesuka muzuri sana," alisema. "Lakini hii ni kikapu iko na macho."

Mama alinyamaza. Nilijua kimya kile, nikasogea karibu na mlango. Lakini alimtazama mnyama wake, akamtazama tena, na kitu kikaanza kumtikisa mabega. Alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, na shangazi akaruka kutoka kwenye kigoda chake, akamwambia, "Polepole, wifi, polepole, utatikisa mutoto." Sikumbuki kama kabla ya siku ile niliwahi kumwona mama akicheka namna ile. Alikuwa mtu wa kutabasamu na kuendelea na kazi.

"Sasa nifanye namna gani?" aliuliza alipopata pumzi.

"Usifikirie nyama," shangazi alimwambia, akigusa pua ya yule mnyama. "Fikiria ile saa nyama inakukasirisha."

Mama hakuhitaji kufikiri sana. Jirani yetu alikuwa na mbuzi aliyekula kikwembe cha mama kikiwa kimeanikwa, kikwembe chenye maua ya manjano alicholetewa na baba kutoka Fizi. Alimtengeneza mbuzi yule. Alimpa mdomo wa kupinda, macho yanayotazama pembeni, na kipande cha kitambaa cha manjano kikining'inia kwenye meno. Miguu haikuwa sawa, kwa sababu mbuzi yule alikuwa na tabia ya kuegemea ukuta akitafuna. Jirani alipokuja kuazima kinu, alimwona, akasimama. Alijua bila kuambiwa. Alisema pole, akaahidi kumfunga mbuzi tangu siku hiyo, na kabla hajaondoka aliomba amchukue akawaonyeshe wa nyumbani kwake. Mama alikataa. Nilishangaa. Siku chache kabla alikuwa anauliza kazi ya kiboko, na sasa alikuwa hataki kumwazima mtu mbuzi wa magome.

Kuanzia hapo baraza yetu ilibadilika. Kazi yangu ikawa kutafuta. Nilikwenda ufuoni kuokota makombe madogo ya konokono ambayo ziwa lilikuwa linayaacha kwenye mchanga, nikaleta magamba ya samaki, mbegu, manyoya, pamba iliyodondoka njiani msimu wa mavuno, na masizi ya chini ya chungu kwa ajili ya rangi nyeusi. Nilijifunza kuangalia chini. Hata leo nikitembea naangalia chini, na watoto wangu wanadhani ni uzee. Nikileta kitu kizuri, shangazi alikipokea kwa mikono miwili kama anapokea mgeni. Mama alikigeuza kwanza, akakipima, kisha akasema, "Hii itakuwa sikio," na kilikuwa sikio.

Tulikuwa na samaki mwenye miguu, aliyechoka kuogelea. Tulikuwa na kaa wa shangazi anayekwenda pande mbili kwa wakati mmoja kwa sababu macho yake hayakukubaliana. Tulikuwa na nyani juu ya baiskeli, ambaye magurudumu yake yalikuwa maganda ya vibuyu vidogo na yalizunguka kweli. Tuliwatundika kwenye nguzo za baraza kwa nyuzi za wavu, na upepo wa ziwa ukija waligeuka wote pamoja kutazama nyumba, kisha wote pamoja kutazama maji.

Nyuzi zilikuwa za baba. Alikuwa mvuvi wa dagaa, akirudi asubuhi amechoka, anakula, analala mchana ndani ya nyumba mdomo wazi. Mwanzoni alitupa vipande vya wavu uliokwisha. Asubuhi moja alirudi akakuta kwenye nguzo mtumbwi mdogo, na ndani yake mtu wa maganda ya mahindi amelala chali, mdomo mpana kama pango, na dagaa mmoja mkavu amesimama ukingoni anachungulia mdomo ule.

Baba alisimama na kasia mkononi.

"Huyu ni nani?"

"Muvuvi," mama alisema.

"Analala mu mutumbwi?"

"Umuulize."

Baba alimtazama mvuvi yule. Alisogea karibu. Shangazi aliinamia chungu chake kwa bidii ambayo hatukuwa tumeiona tangu afike. Baba aliweka kasia, akaingia ndani, akala, akalala. Alipoamka alitoka moja kwa moja mpaka kwenye nguzo.

"Mudomo yangu haiko mukubwa hivi," alisema.

"Hakuna mutu alisema ni wewe," mama alimjibu.

Baada ya siku mbili tatu alituletea, bila maelezo, donge la nyuzi mpya, na boya dogo la mti mwepesi alilolichonga mwenyewe kuwa mto. Alimwinua mvuvi yule kichwa taratibu, akamwekea mto chini yake. Mama alitazama pembeni ili asicheke mbele yake.

Kulikuwa na mama mmoja kutoka milimani, wa wale wafugaji wanaosema Kinyarwanda, aliyekuwa akishuka kila baada ya majuma kadhaa na siagi katika vibuyu. Alitupatia siagi, sisi tukampatia dagaa wakavu. Alikuwa mwembamba, mpole, na alizungumza Kiswahili taratibu, kana kwamba kila neno analichagua kwenye ungo. Siku moja alikaa barazani kunywa maji, akainua macho, akaona ng'ombe wa magome ambaye mama alikuwa amemtengeneza. Aliweka kiganja mdomoni. Alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kucheka nyumbani kwa watu.

"Mama," alisema mwishoni, "hii ngombe iko ya wapi?"

"Ya hapa Baraka."

"Ah. Njo maana."

Mama alijiinua. "Njo maana nini? Sema tu."

"Iko na pembe ya mbuzi."

Mama alisema hajawahi kukaa na ng'ombe, amewaona wakipita tu. Yule mama aliomba ruhusa, akamshusha ng'ombe, akaomba matete. Aliyalowanisha, akayapinda juu ya goti lake polepole, akipuliza pumzi ya moto kwenye pindo ili yasivunjike. Zikatoka pembe ndefu zilizopanda, zikaachana, kisha juu kabisa zikakaribiana tena. Mama alizishona kichwani mwa ng'ombe kwa mkono wake, wakamsimamisha. Ng'ombe alianguka kifudifudi. Wakamsimamisha tena, akaanguka tena, pua chini, mkia juu. Pembe zilikuwa nzito kuliko mwili. Yule mama wa mlimani alisahau adabu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya nguo yake, na mama akacheka naye. Wakamtia kokoto nyuma, ndani ya tumbo, akasimama. Mama alimpa ampeleke nyumbani. Aliporudi safari nyingine alituambia kwamba mume wake amemweka ng'ombe yule juu ya mlango, na kwamba kila mgeni anaulizwa kama amewahi kuona ng'ombe anayekula kidogo namna hii. Safari hiyo alikaa mpaka alasiri, na siku zote za mimba ile hakupita Baraka bila kuketi kwetu.

Si kila mtu alifurahi. Baba yake mama alikuwa mzee wa kanisa kijijini kwao, upande wa Nundu, mtu mkavu, mrefu, ambaye hata kikohozi chake kilikuwa na heshima. Alisikia habari. Watu walimwambia kwamba binti yake aliye mjamzito amezungukwa na sanamu zilizotundikwa kwa nyuzi, na kwamba wifi yake ametoka nazo Ubwari. Unaweza kufikiri habari kama hiyo inavyokua njiani. Akaja kwa miguu.

Nilimwona akifika, nikamwekea kiti. Hakukaa. Alisimama katikati ya baraza, na upepo, kama uliotumwa, ukawageuza wanyama wote wamtazame.

"Hizi ni nini?" alimuuliza mama.

"Ni michezo, baba."

"Mutu mukubwa anachezaka?"

Shangazi alikuwa amepiga magoti kumsalimu, na bado alikuwa chini. "Muzee," alisema kwa heshima, "mi sijaona mutu anaomba Mungu mbele ya kiboko ya kofia."

 Babu alimtazama mama, akingoja. Mama alijiinua polepole mpaka akakaa vizuri, akavuta kikwembe chake magotini. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Baba, unajua zile mimba ingine. Nilikuwa nalala hapa, naangalia paa, nangoja mubaya ifike. Kila siku nangoja. Sasa nikilala, nafikiria kaa. Nafikiria kama anataka kwenda huku na macho yake inataka huku, miguu nitaifunga namna gani. Nasinzia nikiwa nafikiria vile. Mutoto naye anatulia."

 Mimi nilikuwa mlangoni na sikuwa nimewahi kusikia mama akizitaja mimba zile kwa kinywa chake. Babu alikaa kwenye kiti. Aliweka mikono juu ya fimbo. Kisha akanyoosha mkono, akamshusha kiboko, ambaye shangazi alikuwa amemtundika mahali pa heshima karibu na mlango. Alimgeuza. Alimtazama chini ya tumbo, akatafuta fundo, hakuliona.

"Hii fundo ni ya mama yako," alisema.

"Ndiyo, baba. Njo alinifundisha. Nilimufunga upya."

Babu alitikisa kichwa taratibu. Bibi alikuwa amefariki kabla mimi sijazaliwa. Babu alimshika kiboko kwenye magoti yake wakati wote tuliokuwa tunaongea habari za nyumbani, za mihogo, za nani ameoa. Alipotaka kuondoka alimrudisha yeye mwenyewe kwenye msumari, akarudi nyuma hatua moja, akatazama.

"Kofia yake inamuzibia macho," alisema. "Mutaipunguza."

Shangazi aliipunguza siku hiyohiyo.

Mwezi mmoja kabla ya wakati, mvua kubwa ziliponyesha, mama alipata maumivu tena. Zilikuwa siku ngumu. Shangazi hakutoka kando yake, na sombe haikuungua hata mara moja. Mikono ya mama ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo walifanya ndege wadogo tu, wa ganda moja la mahindi na fundo moja, kazi ambayo hata mimi niliweza. Tulikaa watatu tukifunga ndege, mvua ikipiga nyasi za paa. Wakati mwingine mama aliacha mikono ikatulia, akafumba macho, na shangazi akaendelea kufunga huku akimtazama usoni. Maumivu yalikuja, yakakaa, yakaondoka. Mvua ilipokatika tulikuwa na ndege wengi kuliko nafasi ya kuwatundika, tukawapa watoto wa jirani.

Alizaa wakati wake ulipotimia, mchana kweupe, siku ya soko. Baba na kaka zake walimbeba kwa machela mpaka zahanati ya misheni, shangazi akiwa nyuma na mimi nikiwa nyuma ya shangazi. Nilingoja nje, chini ya upenu, na jirani mwenye mbuzi alikuja akakaa nami, akaninunulia muwa. Sikuula. Niliushika mpaka ukaota jasho mkononi. Kisha shangazi alitoka, akiwa amejifunga kikwembe vibaya, na uso wake mkubwa ulikuwa umelowa wote.

"Ni mwanaume," alisema. "Analia kama bwana tarishi anaita watu ku kodi. Njo umuone."

Baba alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Alijaribu kusimama, akakaa tena, akacheka peke yake. Nilimwachia muwa nikaingia.

Shangazi alikaa nasi mpaka mtoto akaanza kushika vitu. Hapo ndipo tulipoona kwamba wanyama wetu wana adui. Mdogo wangu alivuta kila alichokifikia na kukitia mdomoni. Alimla samaki miguu yote. Alimtafuna nyani, ikabaki baiskeli bila mwenyewe. Mama, yule yule ambaye fundo lake halikuwahi kufunguka, alikaa pale anatazama kazi ya mikono yake ikilowa mate, akasema tu, "Achana naye, atakula, tutatengeneza ingine." Alizing'oa mbegu za macho kutoka kwa wanyama wote wa chini, kwa sababu mtipitipi ni sumu, akawashonea macho ya uzi mweusi. Wakawa na nyuso za usingizi kidogo.

Mtoto wa kiume wa shangazi alipomaliza kujenga nyumba Ubwari, alikuja kumchukua mama yake. Tulimsindikiza mpaka majini. Mama alikuwa ameshaanza tena kulima na kuchota maji, mtoto mgongoni, na mikeka yake ilikuwa inanyooka kama zamani. Waliagana na shangazi kwa maneno mafupi, kama watu waliokwisha kuongea yote. Shangazi alipanda mtumbwi, akakaa katikati, akatupungia mkono. Mama alisimama majini mpaka kwenye magoti, akatazama mtumbwi ukienda mpaka ukawa mdogo.

Alasiri ile hakwenda shambani. Alikaa barazani, akamlaza mtoto kwenye kikwembe, akanifungulia rundo la magome makavu, akaniambia nichague. Nilichagua gome lenye madoa. Sikujua nataka nini. Nilikunja, nikafunga, likafunguka, nikafunga tena kwa fundo lake nililolijua nusu. Kilichotoka kilikuwa na kichwa kikubwa, miguu mitatu na mkia unaotazama mbele. Baba alipoamka alikitazama akasema ni mbwa. Jirani alipopita alisema ni konokono. Mama alikitazama kwa makini, akanipa uzi, akasema, "Bado muguu moja. Ama njo hivyo anataka?"

Nilifikiri kidogo, nikamwambia njo hivyo anataka. Akakubali, akarudi kwenye kazi yake, na mimi nikaanza kutafuta macho.